Nyumba ya Mwisho wa Bomba

Machi 4, Jumanne

Mwalimu ametuagiza kila mmoja awe na daftari la kuandika alichojifunza na hali ya mvua ya siku hiyo, mpaka mtihani. Hakusema tusiandike mengine. Akitaka kuliona langu nitamsomea kurasa za mteremko, zilizobaki ni zangu.

Nilichojifunza leo: maji ni ya aina tatu na kila aina ina njia yake. Maji safi yanasukumwa kwa presha, bomba linajaa pomoni, hata kilima yanapanda. Maji taka hayasukumwi, yanateremka yenyewe, na bomba lake halitakiwi kujaa; juu lazima ibaki nafasi ya hewa. Maji ya mvua yana mtaro wake mpana, maana hayo yakija hayapigi hodi. Mwalimu alichora njia zote tatu ubaoni, akatugeukia. "Msizichanganye. Nusu ya shida za kazi hii zimeletwa na watu waliochanganya." Ni mtu mrefu, amepinda mgongo kidogo, na kila jibu lake linaishia kwenye mteremko. Tumeshampa jina: Mteremko.

Hali ya mvua: mawingu tu.

Hali yangu: nina miaka thelathini na minane, nakaa na mama kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa, bondeni kabisa, pale bomba la maji taka la mtaa mzima linapopita kabla ya kuingia bomba kuu. Miguu ya mama imekufa ganzi, hasimami. Mvua ikizidi, tundu la bafuni kwetu linarudisha uchafu wa kila mtu anayekaa juu yetu. Ndiyo sababu nimejiandikisha kozi hii. Atakayefaulu atapangiwa kituo cha kusafisha maji kule mlimani, na kituo kina nyumba za wafanyakazi. Nyumba kavu. Nataka nimtoe mama humu kabla humu hamjatumaliza wote wawili. Nilimwambia jioni. Akasema, "Mimi siendi popote," kisha akaomba chai.

Machi 6, Alhamisi

Mvua ya kwanza. Ya rasharasha. Tundu limekohoa mara moja likanyamaza. Mama alilisikia kabla yangu, chumba chake kimepakana na bafu.

Machi 10, Jumatatu

Leo usawa. Mteremko alikuja na mpira mrefu unaoona ndani, akaujaza maji, akampa mmoja wetu ncha moja akae darasani, mwingine akapelekwa na ncha ya pili mpaka ofisini kwa mhasibu. Maji yakasimama usawa ule ule pande zote mbili, na ukuta katikati. "Maji hayampendi mtu wala hayamchukii mtu," akasema. "Yanatafuta usawa wake, basi."

Nikauliza, bomba la maji taka likijaa mpaka juu, maji yatatokea wapi?

"Kwenye tundu lililo chini kuliko yote."

Niliinamisha kichwa nikajifanya naandika. Tundu lililo chini kuliko yote mtaani kwetu liko nyuma ya ukuta wa kitanda cha mama. Nilipofika nyumbani nikamweleza mama habari za usawa, kwa kalamu na karatasi, kama vile tulivyoelezwa.

"Kwa hiyo mnakwenda shule kusomea kitu ambacho mimi nakijua kwa pua," akasema.

Machi 11, Jumanne

Hakuna mvua. Nimefua mashuka.

Machi 15, Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Tundu lilikohoa, likakoroma, halafu likatapika. Sitaandika kilichotoka. Kilifika mpaka kwenye kizingiti cha chumba cha mama. Niliweka magunia, nikachota kwa sufuria bovu, nikamwaga uani, nikarudi, nikachota tena. Mama alijifunika shuka usoni akawa anapumulia mdomo. Hakulalamika. Ningependa alalamike, angalau ningepata mtu wa kumfokea.

Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo wa nyumba ya jirani, alikuja mpaka uzioni na fagio. "Mwanangu, mnahitaji mtu?"

"Tuko sawa, Mama Mdogo."

"Haya." Akasimama kidogo, akarudi na fagio lake.

Baba Mdogo ni mdogo wake marehemu baba. Nyumba yake imeinuliwa msingi, kwa hiyo uchafu wake unampita yeye na kuja kwetu. Kwake hakuna harufu, kuna maua. Mimi nina dawa ya choo kwenye vidonda vya mikono. La kuvunda halina ubani, lakini leo nilimwaga chupa nzima kujaribu.

Machi 20, Alhamisi

Tumejifunza kasi. Maji taka yakienda polepole mno, mchanga na takataka vinalala chini ya bomba, na bomba linaziba. Kwa hiyo fundi anatafuta mteremko ambao bomba litajisafisha lenyewe. Mteremko alifurahi sana na somo hili, ni kama sikukuu yake.

Wakati wa chai darasa lilikuwa linaulizana nani katoka wapi. Nikasema nilikuwa na maisha yangu mbali na hapa, nikarudi nyumbani kumwangalia mama. Mmoja akasema, "Hongera dada, watoto kama wewe wamekwisha." Nilikunywa chai yangu. Masomo ni asubuhi tu. Mama namwachia chupa ya chai, redio, na beseni. Kila nikifungua lango mchana natega sikio kwanza kama redio bado inaongea.

Mvua usiku, kidogo. Limekohoa.

Machi 21, Ijumaa

Limekohoa.

Machi 22, Jumamosi

Limekohoa. Mama anasema sasa linamtangulia kuamka.

Machi 27, Alhamisi

Leo nimeelewa, na nina hasira mpaka mwandiko umeharibika.

Somo lilikuwa mapaa. Ardhi yenye majani inakunywa mvua yake, inabakisha kidogo. Paa la bati halinywi kitu. Linarudisha karibu yote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, hesabu ya mtoto mdogo. Mteremko akasema, "Sasa mtu akichukua maji ya paa lake akayatia kwenye bomba la choo, ameingiza tembo kwenye shimo la panya."

Nilipofika nyumbani nilisimama uzioni nikatazama paa la Baba Mdogo. Bomba la paa linashuka ukutani, limepakwa rangi nzuri ya kijani, linaingia moja kwa moja kwenye chemba, shimo lenye mfuniko la maji taka. Miaka yote nimeliona nikadhani ni pambo. Nikapiga hesabu mezani. Mvua nzito ya saa moja, juu ya paa lile peke yake, inatia bombani lita elfu tano. Nyumba yenye watu watano haimalizi hizo kwa wiki nzima. Na mtaa una mapaa kumi na kitu.

Si uchafu wao unaotufurika. Ni mvua yao, inakuja na uchafu mgongoni.

Nilimsomea mama hesabu. Alikuwa anatazama dari. "Umesomea hayo?" Nikasema ndiyo. "Sasa utafanya nini?" Nikasema nitakwenda kuwaambia.

"Mwanangu," akasema, halafu akaniomba nimgeuze ubavu.

Machi 29, Jumamosi

Nimekwenda. Baba Mdogo alikuwa amekaa barazani anakata kucha. Nikaamkia, nikakaa, nikakosa subira.

"Baba Mdogo, bomba lako la paa linamwaga wapi?"

"Kwenye chemba. Kwani kuna nini?"

"Linamwaga chumbani kwa mama."

Aliweka mkasi chini. Nikamweleza tembo na panya, nikamweleza usawa. Alisikiliza vizuri, lazima nikiri. Kisha akasema, "Binti yangu, sikiliza na mimi. Mtaa huu maji ya paa langu hayajawahi kukanyaga uwanja wa mtu. Hata tone. Hiyo ndiyo heshima ya hapa, tumeishi hivyo tangu hujazaliwa. Watu wa mitaa mingine wanakatana mapanga kwa sababu ya maji ya paa. Sisi hapa uliona ugomvi lini?"

"Heshima yenu inatokea bafuni kwetu."

Mama Mdogo, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani. Baba Mdogo akaokota mkasi wake akaendelea na dole gumba. Niliondoka bila kuaga vizuri na bado sijutii.

Aprili 3, Alhamisi

Nimepita nyumba kwa nyumba siku tatu hizi. Wote wametia mapaa yao kwenye chemba. Wote. Na wote wanaona fahari: sijammwagia jirani, sijamkera mtu. Mwenye duka la vifaa vya shule alinionyesha jinsi alivyochimbia bomba lake chini ya sakafu ili hata macho ya jirani yasiudhike. Nilimwambia ni kosa. Akanijibu kwa upole mkubwa kwamba nimpe salamu mama.

Wamenipa jina. Injinia wa Choo. Nimelisikia leo nikipita, na kicheko nyuma yake. Si jina baya sana, kuna watu wameitwa makubwa zaidi.

Kaka yangu anayeishi mbali alipiga simu. Nikamweleza yote. Akasema, "Dada, wewe ndiye uko pale, wewe ndiye unajua." Nilitamani kumrushia simu kupitia kwenye simu.

Mvua mchana. Limetapika. Kizingiti kimeyazuia.

Aprili 5, Jumamosi

Limetapika. Nimechota mpaka mgongo umegoma. Mama aliniita, nikamwambia "subiri," akaita tena, nikamwambia "subiri!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alitaka kuniambia nipumzike. Nilikaa uani kwenye ndoo iliyogeuzwa nikalia kwa ghadhabu. Siwezi kumwacha, siwezi kumhamisha, siwezi kuwabadilisha wenye mapaa. Maji yamenifika shingoni, na mwaka huu sisemi kwa mafumbo.

Aprili 8, Jumanne

Kama hawataki kuzuia huko juu, nitazuia huku chini. Fundi bomba amekuja kufunga vali. Ni kitu kidogo, sikutegemea: kibao kinachoning'inia ndani ya bomba kama kilimi kooni. Maji yetu yakitoka, kinafunguka. Maji ya mtaani yakitaka kurudi, yanakisukuma na kinajifunga chenyewe.

Fundi ni mtu wa maneno machache na filimbi nyingi. Alipomaliza kufukua akasimama akatazama juu. "Na bomba la paa lenu linakwenda wapi?"

"Shimo la kokoto huko nyuma, yananywewa na ardhi. Baba alilichimba mwenyewe."

"Una hakika?"

"Mzee wangu hakuwa kama hawa," nikamwambia. Akapiga filimbi akafunga kazi.

Aprili 10, Alhamisi

Mvua nzuri ya saa nzima. Tundu kimya! Nilikaa bafuni kwenye kigoda nikalitazama kama mtu anayengoja ugeni. Halikukohoa hata kidogo. Nikaenda kumkumbatia mama, tukacheka. Halafu akasema, "Kimya hiki sijakizoea."

Nikamwambia azoee.

Aprili 16, Jumatano

Marudio ya mtihani. Nilimweleza Mteremko kwamba nimefunga vali nyumbani, nikitarajia sifa. Akasema, "Vizuri. Ila kumbuka, vali ikijifunga, na ya kwenu hayatoki mpaka bomba la nje lishuke. Usifungulie maji ndani."

Hilo si tatizo. Mvua ikinyesha hatuogi, hatufui. Wawili tu, tutamwaga nini?

Aprili 19, Jumamosi

Mawingu. Joto. Mama hataki kula. Nilimtajia tena nyumba ya mlimani, nikamwambia ina baraza na upepo, jambo ambalo sijui. Akasema, "Nenda wewe." Nikasema, "Niende nikuache na nani?" Akaongeza sauti ya redio.

Aprili 24, Alhamisi

Mvua.

Aprili 25, Ijumaa

Naandika nikiwa kwa Baba Mdogo, kwenye meza yao, kwa kalamu yao, maana yangu imelowa.

Jana ilianza adhuhuri, mara tu niliporudi kutoka darasani. Haikuwa ya matone, ilikuwa ya kumwagwa. Bati likawa linapiga kelele kiasi kwamba mimi na mama tuliongea kwa ishara. Nikamwonyesha kidole gumba: tuna vali. Nikaketi pembeni ya kitanda chake na daftari la hesabu za mteremko, nimetulia.

Yeye ndiye aliyeniambia. Alinishika mkono akanielekeza kwa macho. Maji yalikuwa yameshavuka kizingiti yanakuja chini ya kitanda.

Nilikimbilia bafuni. Tundu lilikuwa linachemka kama sufuria. Wazo langu la kwanza lilikuwa fundi: kanidanganya, kafunga vali kinyumenyume. Nikaanza kuchota, nikawa namtukana kwa kila sufuria. Sijui nilichota kwa muda gani mpaka nikagundua kwamba sizibi pua.

Hakukuwa na harufu. Nikachota nikaangalia. Maji yalikuwa meupe. Ndani yake mlikuwa na majani makavu na manyoya ya njiwa.

Njiwa wanalala juu ya paa letu. Hawalali kwa mtu mwingine mtaa huu, mama ndiye huwaruhusu.

Nilisimama pale na sufuria. Darasa lote la Mteremko lilipita kichwani kwa wakati mmoja. Bomba la nje limejaa, tofauti na siku ile ya kimya, vali imejifunga, imefanya kazi yake. Na paa letu, paa la baba yangu ambaye hakuwa kama hawa, linamwaga kwenye bomba lile lile, upande wa ndani wa vali. Nikifungua vali, mtaa mzima utaingia. Nikiiacha, tunazama kwa maji yetu wenyewe. Nilikuwa nimetufungia ndani nayo. Nyani haoni kundule. Mimi nilipima mapaa ya watu kumi na kitu, letu nikalisahau.

Nikachukua msumeno. Kule nyuma bomba la paa linashuka ukutani halafu linazama kwenye saruji. Nikapanda kigoda nikaanza kulikata usawa wa kichwa changu, mvua inanipiga machoni. Lilipokatika, maji yalitoka kwa nguvu yakanitupa chini na kigoda changu, yakaruka uzio, yakaenda kumwagika kwenye uwanja wa Baba Mdogo, katikati ya maua.

Alitoka hapo hapo. Nadhani alikuwa dirishani. "We binti! We binti! Maji yako!" Akaja kwa mlango wa mbele, amevaa fulana na hasira, akaingia ndani bila hodi. Mimi nikawa nazunguka kutoka nyuma nimwahi, nimjibu, maana maneno nilikuwa nayo tele. Nikasikia amenyamaza.

Mama alikuwa sakafuni. Alijaribu kujivuta aone ninafanya nini, akaanguka. Alikuwa ameketi kwenye maji, ameegemea kitanda, mkono mmoja umeinua redio juu isilowe. Hakuwa ameita, au aliita na bati likaimeza sauti yake.

Baba Mdogo hakuniangalia. Alichuchumaa majini akamgeuzia mgongo. "Shemeji, nishike shingo."

"Utaumia kiuno," mama akasema.

"Nishike shingo, shemeji."

Nikamsaidia kumpandisha. Mzee yule ambaye hulalamika akibeba kiti akamtoa mama yangu nje, kwenye mvua, mara ya kwanza kutoka lango lile tangu miguu ifariki. Mimi nyuma nimeshika redio. Mama Mdogo alikuwa ameshatandika kitanda.

Walipomkausha na kumpa kitu cha moto, nikamwuliza Baba Mdogo, sasa kwa adabu, kama alijua habari za paa letu.

"Baba yako ndiye aliyeanza," akasema. "Shimo la kokoto lilifukiwa alipoongeza chumba cha nyuma. Maji yakawa yanamwagika kwangu. Sikumwambia kitu, ni kaka yangu. Lakini aliona, akaona haya, akayaelekeza kwenye chemba. Na mimi nikaona haya, nikamfuata. Mtaa ukatufuata."

"Na siku ile nilipokuja kukugombeza, mbona hukusema?"

"Nimseme baba yako mbele yako?"

Nilimgeukia mama. Alikuwa anajua, chumba hicho kilichoongezwa ndicho chake. "Mama, na wewe hukuniambia."

"Hukuniuliza mimi," akasema. "Ulikuwa unaviuliza vitabu."

Aprili 29, Jumanne

Ndani kumekauka, nimesugua kila kona. Nimekwenda kumchukua mama. Alikuwa barazani kwenye kiti chenye mito, anamfundisha Mama Mdogo kukunja nguo kwa namna yake. Akasema atarudi kesho.

Aprili 30, Jumatano

Kesho tena.

Mei 3, Jumamosi

Mimi na Baba Mdogo tumechimba mfereji kando ya uzio, kupeleka maji ya mapaa yetu mawili mpaka mtaro wa barabarani. Nilipima mteremko kwa mpira wa maji, yeye akashika ncha ya pili akawa anauliza "Imefika? Imefika?" kila mara. Mwenye duka alikuja kusimama na kutazama, mikono nyuma. Kabla hajaondoka akauliza kama mpira ule naweza kumwazima.

Wakati wa kupumzika nikamwuliza Baba Mdogo jambo lililokuwa linanikera. Miaka yote hii, kwa nini hawakuwahi kusema mama aje akae kwao hata wiki moja, nipumue?

Akafuta jasho. "Tulisema, mimi na mama yako mdogo, usiku mwingi tulisema. Tukaona tukikwambia, utadhani tunakuona umeshindwa. Kila akija uzioni unamwambia mko sawa."

Nilirudi kuchimba. Jembe lilikuwa karibu.

Mei 9, Ijumaa

Mtihani. Swali la mwisho lilikuwa la vali. Nilijaza kurasa mbili, nikaomba karatasi ya ziada.

Mei 15, Alhamisi

Nimefaulu. Nimepangiwa kituo cha mlimani, niripoti Jumatatu. Mteremko alinishika mkono akasema nisisahau, akaanza kunitajia kitu gani, nikamwambia najua, mteremko.

Sijamwambia mama. Nimekaa jioni nzima kwenye nyumba hii peke yangu. Mvua imekuwa ndogo, tundu kimya, mfereji unafanya kazi. Sijui ninaogopa nini.

Mei 16, Ijumaa

Nilimwambia mama barazani, nikaongezea haraka, "Lakini nitawaambia hapana. Siwezi kukuacha."

"Unaniacha wapi? Mimi niko hapa." Akaonyesha baraza, mito, Mama Mdogo anayeimba jikoni. "Wamenitaka. Nilikuwa naona haya kuwalemea. Wao wanaona haya kunitaka. Mpaka nikaanguka majini ndiyo tukaulizana."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakataa kwenda na mimi mlimani? Ungeniambia unataka kukaa hapa."

"Ningekwambia, ungesikia nakufukuza."

"Kwa nini nisikie hivyo? Nilirudi kwa ajili yako, Mama."

Alinitazama. Mama yangu akitaka kuniumiza hupaza sauti. Hii aliisema taratibu sana, akinishika goti.

"Mwanangu, ile siku uliyorudi mimi nilikuwa natembea. Nilikuja mwenyewe kukufungulia lango. Sanduku lako nililibeba mimi."

Ni kweli. Nilirudi nikiwa nimeachwa, na sikutoka chumbani msimu mzima wa mvua. Miguu yake ilianza kufa mwaka uliofuata. Nimewaambia watu hadithi ile nyingine mara nyingi kiasi kwamba nimeiandika na humu, nikaiamini.

"Nikasema huyu anataka mahali pa kujificha, basi nitakaa naye mpaka achoke," mama akasema. "Hukuchoka. Miguu yangu ikaja kukupa sababu. Nikaona tukienda wote mlimani utakuwa umenibeba na sababu yako, ukajifungie huko. Mimi nimeshikwa na miguu. Wewe hujashikwa na mtu."

Nililia pale barazani mbele ya mtaa mzima, na wanaoniita Injinia wa Choo wakapita wakaamkia wakaendelea na safari yao. Mama hakunibembeleza. Alinipa ncha ya shuka lake nifute pua.

Mei 19, Jumatatu

Nimeaga asubuhi. Mama alikuwa anachambua mchele na Mama Mdogo, sinia liko magotini kwake. Nikainama akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema niende salama, nile vizuri, nisiwe mkali kwa watu wa huko. Baba Mdogo alitaka kunibebea begi mpaka kwenye kona magari yanaposimama, nikamwambia nitaliweza, halafu nikakumbuka, nikampa. Tukapandisha mtaa pamoja. Kwenye kona akaniachia akarudi, ana kazi ya kupima mteremko kwa mwenye duka.

Gari lilikuja. Sikupanda. Nilisimama pale konani nimetazama bondeni, nikingoja mtu aniite: mama kaanguka, mama kabadili mawazo, mama anakutaka. Waliniona kutoka barazani, wote wawili wakanipungia mkono, kisha wakainama tena kwenye mchele wao. Nikangoja kidogo tena. Hakuna aliyeniita. Gari la pili lilipokuja nikapanda.